Kilo Thelathini na Mbili Zilizozidi

Kila anayekanyaga kibaraza changu hapa Ujiji siku hizi ana swali moja tu: lile jiwe la nini? Yusufu huna mke, huna mtama, hata kuku huna, jiwe la kusagia la nini? Nimejibu vipande vipande mpaka nimechoka. Sasa nayaandika yote kwa mkupuo, mtu akiuliza nampa karatasi asome huku nanywa chai yangu. Mambo ya vibali na mihuri nimeyaruka. Aliyeishi Kigoma miaka hii ya wakimbizi anayajua kuliko mimi.

Sunuka

Mzee Leopoldi ni Mrundi. Alikimbia kwao zamani akiwa bado na nguvu, yeye na mkewe Melania na binti mchanga mgongoni. Waliteremka mpaka Sunuka, ufukweni, kusini ya mto Malagarasi. Wakapewa shamba, wakalima mihogo na kukamua mawese kwa miaka zaidi ya thelathini.

Mimi nilimjua kwa sababu ya dagaa. Kila mwezi nilikwenda Sunuka na pikapu yangu na tela nyuma, napakia, na kwa kuwa pantoni ya Ilagala haivushi usiku, nalala kwake. Miaka kumi na minane hiyo. Mke wangu alipofariki nikaanza kwenda hata miezi ambayo dagaa hawakuwapo. Hakuniuliza nimefuata nini. Alisema tu, "Yusufu, karibu, ugali uko jikoni."

Mwaka juzi Melania naye akafariki, akazikwa palepale Sunuka. Halafu ikaja barua ya binti yao Beata, ambaye alishatangulia kurudi Burundi na ameolewa huko. Shamba la babu limepatikana, baba arudi. Yeye Beata atampokea mpakani Manyovu na gari la kukodi, siku ya Alhamisi, mwisho saa nane mchana. Gari la kukodi halingojei mtu. Na jina la mzee lilikuwa kwenye orodha ya wanaovuka Alhamisi hiyo tu. Likipita, atangoja orodha nyingine, na orodha nyingine hakuna aliyejua itatoka lini. Mzee ana miaka sabini na kitu na kifua kibovu. Alitaka afie kwao, na alilisema hilo bila kuzungukazunguka.

Nikasema nitampeleka mimi. Kweli ya Mungu, sikupenda. Lakini nisingempeleka mimi angepelekwa na mtu mwingine, na hilo lilinichukiza zaidi.

Nyinyi mnanijua mimi na uzito. Tela langu liliwahi kukatika shingo kwenye mteremko, limejazwa dagaa kwa maneno ya "ongeza tu, Yusufu, hamna neno". Tangu siku ile sisikilizi mtu. Kibati cha tela kinasema kilo elfu moja na mia tano, na hizo ni pamoja na tela lenyewe, jambo ambalo nusu ya madereva wa Kigoma hawataki kulisikia. Tela tupu ni mia nne. Kwa hiyo mzigo ni elfu moja na mia moja, basi.

Jumanne nikaazima mizani ya kuning'iniza ya wanunuzi wa dagaa, tukapima kila kitu: mabati, milango miwili, mbao za kitanda, masufuria, cherehani, magunia ya mahindi, baiskeli. Kulikuwa na jiwe la kusagia la Melania, lile kubwa la chini, kilo thelathini na mbili, na lile dogo la mkononi. Nikamwuliza mzee kama kwao hakuna mawe.

"Dogo lilitoka kwetu," akasema. "Melania alilibeba kwenye khanga siku tuliyokimbia. Kubwa tuliliokota hapa mtoni. Yameshazoeana."

Sikubisha. Jumla ikaja elfu moja na sabini na tano. Nilibakiwa na kilo ishirini na tano mkononi, nikalala na raha yangu.

Kumbe nilikuwa nimesahau kitu ambacho hata mtoto wa Kiha hasahau. Mama yangu ni Muha, sina pa kujificha. Mtu akihama, majirani humletea impamba, yaani chakula cha njiani. Hukikatai. Hukiweki kwenye mizani, maana ni kama kumpima aliyekileta. Na hukiachi barabarani, kwa sababu aliyeacha impamba yake njiani amewaacha waliompa. Unakula, au unakula pamoja na uliyemkuta njiani. Hiyo ndiyo ruhusa pekee.

Jumatano alfajiri naamka, uani kumejaa watu. Mwalimu ameleta mchele. Mama Shabani karanga. Fundi baiskeli maharage, mchungaji maharage, mke wa mwenyekiti maharage. Wakaja waliokuja na dumu la mawese, na unga wa muhogo, na dagaa, na viazi. Kila mmoja alikuwa anakwenda mwenyewe nyuma ya tela na kusukumia cha kwake chini ya turubai. Mimi nimesimama na kamba mkononi, najiambia, si nimeshapima jana? Eti uzito wa jana unalinda mzigo wa leo. Hilo ndilo kosa langu, nimeliandika, msinisute tena.

Pantoni ya Ilagala

Tukashika njia ya mtoni, mzee kiti cha kushoto. Alikuwa ameshika lile jiwe dogo mapajani. Mimi nikawa naongea kwa niaba ya wawili: hali ya barabara, bei ya dizeli, ubaya wa madereva wa siku hizi. Nilikuwa naogopa tukinyamaza wote.

Tela lilianza kuyumba. Si sana, lakini nililisikia mgongoni mwa gari, mkia unavuta kulia, unavuta kushoto. Tela ukilijaza nyuma ya ekseli linafanya hivyo, na ile impamba yote ilikuwa imesukumwa mkiani. Nikashuka, nikavuta magunia mawili mbele, nikakaza kamba upya. Mzee akaniangalia kwenye kioo, akacheka kidogo.

"Wamekuzidi akili," akasema.

Pantoni ilikuwa ng'ambo, tukangoja saa tatu nzima. Tulikula muhogo wa kuchoma na samaki kwa mama mmoja mwenye kibanda, chumvi ya kwake nyingi mno. Pantoni ilipokuja, mwendeshaji akalizunguka tela, akapiga magurudumu teke, akaanza kunifokea mbele za watu. Ati nataka kuwazamisha. Ati matairi yameketi. Nami nikamjibu kwa ukali kwamba nilipima kila kitu kwa mizani na yeye anapima kwa mguu.

"Mzigo wa nani huu?" akauliza.

"Wa mzee huyu. Anarudi kwao Burundi."

Yule bwana akamwamkia mzee shikamoo kwa mikono miwili, akatuvusha peke yetu bila gari jingine. Tulipofika ng'ambo akatoka mbio nyuma yetu na samaki wanne, migebuka waliokaushwa, amewafunga kwa kamba. Akawasukumia chini ya turubai.

"Impamba," akasema.

Nikakaza kamba, nikawasha gari.

Ujiji, kwangu

Tuliingia Ujiji alasiri kupitia Simbo. Nilimlaza mzee chumba cha mbele. Shemeji yangu alishasikia, akaleta kilo tano za mchele. Majirani nao wakaleta, wengine nyinyi mnaosoma hapa, na mlikuwa mnajua ninavyochukia. Nikawaambia tela limejaa. Mkasema ndiyo, ndiyo, mkaweka.

Tulikula dagaa wa mawese kibarazani. Mzee akaniuliza nyumba hii ina vyumba vingapi. Nikamwambia vinne. Akauliza nani analala humo. Nikamwambia mimi.

"Vyote?"

"Nalala kimoja kimoja."

Akatikisa kichwa. Niliwaza kumwambia abaki. Vyumba vinne, ziwa liko karibu, hospitali iko karibu. Neno lilinifika mdomoni kabisa. Lakini Beata alikuwa keshalipia gari, na mtu hatoi neno kama hilo mbele ya baba aliyeshaaga kaburi la mkewe. Nikamwongezea chai.

Mwandiga: mizani

Alhamisi saa tatu asubuhi tulipita Mwandiga, tukashika barabara ya Manyovu. Hatukufika mbali. Walikuwa wameweka mizani ya muda, ile ya vibao vya chuma vinavyolazwa barabarani, na msururu wa malori ulishafika mbali. Nikasema moyoni, afadhali, leo wataona mtu anayejua kazi yake. Kisha nikakumbuka wale migebuka.

Aliyekuwa zamuni ni dada mmoja mwembamba, kalamu sikioni, mpole kuliko mimi. Nakiri nilijaribu ule ujanja wa kizamani wa kusimamisha gurudumu nusu nje ya kibao.

"Baba, shikamoo. Gurudumu lipande lote."

Nikapandisha lote. Pikapu ikawa sawasawa, haina nafasi hata ya begi. Tela likafunguliwa, likapimwa peke yake. Akasoma mara mbili.

"Elfu moja mia sita na tisini. Umezidi mia moja na tisini."

Nikawaka. Nikamwambia mizani yake mbovu, nikamwambia habari za shingo ya tela na za gari la saa nane mpakani, nikamwambia mimi napima kabla yeye hajazaliwa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kibati ni chako, baba, si changu," akasema. "Punguza mia moja na tisini, au geuza. Saa nane mpakani utawahi ukiharakisha."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamfuata mzee, nikamwambia tushushe impamba. Ni vyakula tu, hata huko kwao vipo.

Mzee Leopoldi, ambaye kwa miaka kumi na minane sikuwahi kusikia akipandisha sauti, akasema, "Shusha mlango. Shusha mabati. Impamba haishuki."

"Mzee, utalala kwenye nyumba haina mlango?"

"Nitalala. Nilishalala."

Saa zilikuwa zinakwenda. Mzee akaangalia ule msururu: madereva, makondakta, akina mama wa Mwandiga waliokuja kuuza ndizi na karanga. Akauliza, "Hawa wote wako njiani?"

"Wote."

"Basi wamekutwa njiani," akasema, akaanza kufungua turubai.

Akakalia gunia, akaita watu. Kila mfuko alioufungua alitaja jina la aliyeuleta, akachota kidogo, akala yeye kwanza, kisha kilichobaki akawagawia waliokuwa mbele yake mpaka mfuko ukaisha. Karanga za Mama Shabani. Maharage ya fundi, mabichi, akatafuna harage moja mpaka likalainika. Mchele wa mwalimu, punje chache. Unga wa muhogo akaulamba kwenye kiganja. Watu wakafikiri ni sadaka ya matanga. Mama mmoja mwenye ndizi akapokea maharage yake, akainama kwa heshima, akauliza marehemu ni nani.

"Ni mimi," mzee akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Mama yule hakuelewa, akampa pole. Halafu akamwekea mkungu wa ndizi mapajani. Nikauondoa haraka kabla haujafika kwenye tela, nikampa dereva wa lori la mbele.

Nilikuwa najifanya nahesabu kilo. Kumbe nilikuwa nasikiliza yale majina. Nilidhani namjua mtu huyu. Kumbe nilijua kibaraza chake na ugali wake, na Sunuka nzima ilikuwa inamjua zaidi. Alimtaja mkunga. Alimtaja mtu aliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba miaka saba, naye alileta viazi. Akamtaja mwendeshaji wa pantoni, ambaye hatukumjua jina, akamwita "Wa Mtoni". Dada wa mizani tulimkaribisha, akakataa, akisema kazini hali cha mwenye gari. Lakini kila baada ya mifuko kadhaa alilipima tela upya bila kunung'unika.

Saa tano mfuko wa mwisho ukaisha. Tulikuwa bado tumezidi kilo thelathini na mbili, maana Jumanne sikuwa nimepima turubai, kamba wala tairi la akiba.

Mzee akatazama chini ya turubai, akatazama mifuko mitupu. Kisha akanigeukia.

"Yusufu. Yako iko wapi?"

Sikuelewa mara moja.

"Wote nimewataja. Wewe sijakutaja. Impamba yako iko wapi?"

"Mimi nimekuletea tela zima, mzee," nikasema.

"Tela litarudi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa na uhakika amekiweka mahali. Nami nikatazama matairi. Kweli, sikumletea kitu. Shemeji yangu alileta, majirani walileta, mpaka Wa Mtoni alileta. Ukimpa mtu impamba umekubali kwamba anakwenda. Ndiyo maana nilikuwa na mizani mkononi tangu Jumanne.

Mzee akasukuma mbao, akaniita tusaidiane, tukalitoa lile jiwe kubwa la Melania, tukaliweka kando ya barabara.

"Hili ni la kwenu," akasema. "Tuliliokota Sunuka. Ukirudi, lichukue."

Dada akapima. Elfu moja na mia tano barabara. Akatupungia tupite.

Kupanda Manyovu

Milima ile mnaijua. Gia ya pili, gia ya kwanza, vumbi, mawe, migomba pande zote. Tela lilikuwa limetulia, mzigo juu ya ekseli, halivuti huku wala kule. Ningeweza kujivuna. Mzee alikuwa na jiwe lake dogo mapajani, akalala njia yote, mdomo wazi, na kila kona nilimshika bega asigonge kioo.

Tulifika saa saba na nusu. Beata alikuwepo, mama mtu mzima sasa, amenenepa, sura ni ya Melania. Alimkumbatia baba yake wakakaa hivyo. Akaja kunishika mkono, akaniambia urakoze, urakoze, yaani asante kwa Kirundi, na Kiswahili chake kilikuwa kimeanza kupotea. Tukahamisha mzigo. Nusu saa ilitosha, na mimi niliuchelewesha kadiri nilivyoweza, nikikunja kamba ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

Dereva wa gari la kukodi akapiga honi. Hapo ndipo nikakumbuka nilikuwa na chakula changu cha kurudia, chini ya kiti: mgebuka mmoja wa kukaanga na vipande viwili vya muhogo kwenye gazeti. Nikakimbia nikakichukua. Nilimpa dirishani, nimeshika kwa mikono miwili kama mtoto.

"Impamba," nikasema.

Mzee akafungua gazeti. Akamega samaki, akala. Kisha akavunja vipande vyote katikati, nusu akanirudishia.

"Nawe uko njiani," akasema.

Gari likaondoka. Nilikula palepale nimesimama, maana hiyo ndiyo sheria yake, na nililia. Sijui kwa nini niwafiche.

Kurudi

Tela tupu lina tabia mbaya. Linarukaruka, linapiga kelele kila shimo, huwezi kulisahau hata dakika moja. Kutoka Manyovu mpaka Mwandiga nilikuwa nalisikia tu, na kiti cha kushoto kina alama ya vumbi pale alipoegemea.

Jiwe lilikuwa palepale barabarani. Watu wa mizani walikuwa wanakusanya vibao vyao. Yule dada akanisaidia kuliinua, tukaliweka mbele kidogo ya ekseli, mahali pake hasa, tukalifunga kamba.

"Mzee amewahi?" akauliza.

"Amewahi."

"Wewe sasa uko chini ya uzito sana," akasema, akitazama lile tela na jiwe lake moja. Alikuwa anatania. Nikamshukuru, nikaondoka, na kwa kweli tela likatulia kidogo.

Hiyo ndiyo habari ya jiwe. Mmekuwa mkisema nimpe mtu anayesaga. Kubwa peke yake halisagi, linataka dogo lake, na dogo liko Burundi kwenye mapaja ya Mzee Leopoldi. Mwenye mtama na jiwe dogo nyumbani kwake, alete, asage hapa kibarazani. Asiulize kwanza kama nina nafasi. Asubuhi nipo. Jioni nipo.